Povu Lililowafurahisha Wageni

Vijana wangu, tangu nistaafu kila mnaponipigia simu mnarudia swali lilelile: lile pipa la chuma la chumba cha nyuma pale kituo chetu cha utafiti, ambalo siku hizi mnahifadhia maji ya kunawia, lilikuwa la nini? Nimekuwa nikijibu kwamba lilikuwa la chachu, kisha nawauliza habari za mvua. Sasa niko nyumbani Biharamulo mjini, kwenye baraza ya duka aliloacha marehemu baba, wajukuu wako shule na sina pa kukimbilia. Nitawaeleza. Mkisoma mkaona mzee analalamika, mtakuwa mmeona sawasawa.

Nilifika kituoni nikiwa na cheti cha fundi sanifu wa maabara na shati jeupe ambalo mama alilinyoosha kwa pasi ya mkaa mpaka likakaa kama karatasi. Watu wangu ni wa biashara. Babu alikuja huku kutoka pwani na majora ya vitambaa, akaoa, akabaki. Mtoto wa dukani kwenda kuozesha mihogo kwa mshahara wa serikali ni jambo ambalo baba hakulielewa, na aliposikia kwamba kazi yenyewe ni ya uchachushaji aliweka kikombe chini. "Yaani Swedi," akaniuliza, "mtoto wa Kiislamu unakwenda kupika pombe ya serikali?"  

Aliyenipokea ni Fundi Tryphone, Mhangaza mrefu wa Ngara aliyetembea ameinama kidogo kwa sababu milango ya kituo ilijengwa na watu wafupi. Siku ya kwanza hakunifundisha kitu chochote cha vitabuni. Aliwasha moto wa gesi, akaweka visahani vya kioo mezani, akaniambia nifunge mdomo kabla sijafungua mfuniko wowote. Nikafikiri ananikaripia. Kumbe alikuwa na maana ileile aliyosema: pumzi ya mtu ina wadudu, na anayeongea juu ya kisahani anakitemea. Kwa hiyo chumba chetu kilikuwa kimya, watu wakapita nje wakidhani tuna msiba.

Alinifundisha kuandika lebo kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka ukipitisha spiriti. Alinifundisha kunusa. Chupa ikinuka mkate, endelea; ikinuka siki, mwaga; ikinuka soksi, kaombe ruhusa uende nyumbani ukapumzike, maana siku hiyo mkono wako ni mchafu. Tryphone alikuwa mnywaji na hakulificha jambo hilo. Alisema alifurahi kuletewa mimi kwa sababu mtu asiyekunywa haibi sampuli. Yeye mwenyewe dumu la maji ya ndizi halikuwahi kupita mbele yake bila kulionja, hata kama lilikuwa la mtu mwingine, hata kama lilikuwa na lebo ya hatari.

Miaka ile ya mwanzo tulipima mihogo. Uchungu wake, maji yake, wanga wake. Ni kazi ambayo haina hadithi, na sitawachosha nayo. Nitasema tu kwamba mtu akipima muhogo kwa muda mrefu hufika mahali akiona shamba anaona wanga uliosimama, na huanza kujiuliza kwa nini wanga wote ule unaishia kwenye ugali tu.

Swali hilo ndilo alilokuja nalo Daktari Generosa. Tryphone alikuwa ameshastaafu, na mimi ndiye niliyebaki mkubwa wa chumba. Generosa alizaliwa Kirushya kule Ngara. Mama yake alifariki akiwa mdogo, akalelewa na Leokadia, dada wa baba yake, ambaye sisi sote kituoni baadaye tulimwita Shangazi. Shangazi Leokadia alimsomesha kwa pombe ya ndizi, mtungi mmoja baada ya mwingine, mpaka mtoto akapata ufadhili akaenda nje na kurudi daktari wa vijidudu. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, kwa hiyo aliniita Kaka Swedi. Mimi nilimwita Daktari, hata siku alizonikataza.

Wakati ule akina mama wa vikundi vya mihogo walikuwa wakijaribu kutengeneza sukari ya maji kutokana na unga wa muhogo, ya kuuzia wenye viwanda vya biskuti na vinywaji. Inawezekana, lakini unahitaji kimeng'enya, yaani kile kitu kinachoukatakata wanga mpaka unakuwa sukari. Kimeng'enya kilitoka ng'ambo. Kilikuja ndani ya magaloni kwa malori ya barabara ya Rusumo, nasi tulikwenda kukisubiri Lusahunga kwenye kituo cha malori, kati ya wauza mishikaki na makuli. Mara nyingi kilikuwa kimeshakaa juani mpaka kimekufa. Ukikimwaga kwenye uji wa muhogo, uji unakutazama tu.

Daktari akasema kimeng'enya chenyewe kinatengenezwa na bakteria, na bakteria wa namna hiyo hawana haja ya kupanda lori. Tulimkuta wetu Nyabusozi. Nyuma ya mashine ya kusaga ya pale palikuwa na lundo la maganda ya mihogo lililooza miaka na miaka, linatoa mvuke asubuhi kama chungu. Daktari alivua viatu akaingia mpaka magotini, akachimbua, akajaza mifuko. Akina mama wa pale walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akaniuliza kama huyu ndiye daktari kweli au ni mgonjwa.

Sasa niwaeleze kitu ambacho ninyi mlikiona shuleni mkakisahau. Ukitandaza wanga kwenye kisahani, ukamwagia iodini, kisahani chote kinakuwa buluu ya kukaribia weusi. Lakini palipokaa kijidudu kinachokula wanga, pamekwisha kuliwa, panabaki peupe. Asubuhi tulipomwaga iodini juu ya visahani vya Nyabusozi, katikati ya buluu yote ile likabaki duara moja jeupe, safi, la mviringo kabisa. Daktari alisahau sheria ya kufunga mdomo. "Kaka Swedi, njoo uone mwezi!" Nilikwenda nikauona. Nimeona vitu vingi vizuri maishani, watoto wangu wakiwemo, na duara lile naliweka humo humo.

Bakteria mwenyewe alikuwa mkorofi, ananuka, na hakuna mama ambaye angekubali kumtia kwenye chakula. Hamira ni mpole, kila nyumba inaijua. Kwa hiyo Daktari alikwenda kwenye maabara kubwa ya chuo, akakaa huko karibu mwaka, akaichukua kutoka kwa bakteria ile jeni ya kutengeneza kimeng'enya na kuiingiza kwenye hamira. Alirudi na mirija midogo ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, ameipakata njia nzima. Tulipoipanda hamira ile kwenye visahani vya wanga na kumwaga iodini, kila kidoa cha hamira kilikuwa na duara lake jeupe. Hamira ya mkate, inakula muhogo mbichi.

Ilikuwa na deko lake. Jeni ile haikushonwa ndani kabisa. Hamira iliibeba kama mtu anavyobeba mzigo kichwani. Ukiilisha hamira chakula kilichotimia, inaona mzigo wa nini, inautua. Ndiyo maana tuliilisha chakula cha njaa, unga maalumu wa maabara uliopunguziwa kirutubisho kimoja. Ndani ya mzigo uleule Daktari alikuwa ameweka njia ya kukitengeneza kirutubisho hicho, kwa hiyo anayetua mzigo anakufa na anayebeba anaishi. Ni malezi magumu. Hamira ya namna hiyo inakua polepole, haitoi povu la maana, na kwenye pipa inaonekana kama maji ya kuoshea mchele.

Kisha jokofu letu la baridi kali likafa. Injini yake iliungua baada ya umeme kukatika na kurudi kwa fujo, na mirija yote ya akiba ikayeyuka. Daktari akapiga simu chuoni kuulizia nakala iliyobaki kule. Akaambiwa walishasafisha majokofu yao wakatupa vitu vya watu waliohama. Tukabaki na hamira hai kwenye visahani tu, ndani ya friji ya kawaida, tunaihamisha kutoka kisahani hadi kisahani jinsi mama anavyotunza togwa ya kuanzishia. Na unga wa chakula cha njaa ulikuwa unakwisha. Tulikuwa tumeagiza mwingine, ukakwama bandarini. Ninyi mnaonisoma, kama hamkusikia kitu kingine sikieni hiki: kitu chenu cha pekee kiwekeni nyumba mbili, wilaya mbili, na nyingine iwe kwa mtu msiyempenda, maana huyo hatakigusa.

Hapo ndipo jopo la wataalamu lilipotangaza kwamba linakuja. Kazi ya kubadilisha vinasaba inahitaji kibali, na kibali chetu cha awali kilikuwa kinafikia mwisho. Wageni wangetazama pipa; wakiridhika, tungeruhusiwa kuendelea na hatimaye kuwapelekea akina mama hamira ile. Wasiporidhika, chumba kingefungwa. Daktari Generosa hakuwa na kazi nyingine wala hamira nyingine.

Alizunguka lile pipa siku nzima. Unga uliobaki haukutosha kulijaza, na hata kama ungetosha, hamira ingelala chini kimya. Mkuu wa msafara alikuwa mtu wa kwenye migomba kama yeye. Jamani, kwa watu wa Ngara pombe isiyotoa povu mbele ya mgeni ni aibu ya ukoo mzima. Watu watasema nyumba ile haina mkono. Mwanamke huyu alisoma kuliko sisi sote, lakini pale alikuwa mtoto wa Shangazi Leokadia tena, anaona wageni wanaingia uani na mtungi umelala.

"Tutatumia maji ya ndizi," akasema. "Pipa hili moja tu. Baadaye tutairudisha hamira kwenye chakula chake. Kwa siku chache si hamira yote itakayotua mzigo."

Nikauliza tuyachemshe kwanza? Tulikuwa tunachemsha kila kitu. Kama tungeweza tungechemsha na mlango. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama mtoto mchanga achemshwe. Kule kwao maji ya ndizi, umutobe wenyewe, hayachemshwi. Yaliyochemshwa ni meusi, mazito, hayatoi povu, hupewa wagonjwa. "Hamira yetu ni nyingi," akasema, "itawashinda wadudu wa ganda la ndizi." Na mimi nikaona ni sawa. Sote tuliona ni sawa. Akampigia simu Shangazi amsindikie ndizi, nami nikatumwa Kirushya na gari la kituo.

Nilipofika madumu mawili yalikuwa tayari, yamezibwa kwa majani ya mgomba, yanapumua pembeni. Shangazi alikuwa shambani, jirani akanikabidhi. Niliyabeba mpaka kituoni bila kuonja, kwa sababu yalikuwa yameshaanza kuchacha na mimi sinywi. Tryphone angeonja kabla hajafika kwenye gari. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi mno.

Hamira ya visahani vyote tuliimimina pipani juu ya maji ya ndizi, hatukubakiza hata kisahani kimoja. Povu lililotoka! Lilipanda mpaka kwenye kifuniko, likasukuma vali, likanukia mpaka ofisi ya uhasibu, na watu wa uhasibu wakaja kuuliza kama kuna kazi ya kusaidia. Daktari alitengeneza na chombo cha kulinganishia, kama inavyotakiwa: mchanganyiko uleule kutoka pipani, ila umechemshwa ili kilichomo kife. Wageni wakaja, wakavaa makoti. Akaweka uji wa muhogo kwenye chupa mbili. Moja akaitia maji ya pipa, nyingine yale yaliyochemshwa. Tukasubiri, akadondosha iodini. Chupa ya maji yaliyochemshwa ikawa buluu. Chupa ya pipa ikabaki na rangi ya chai ya rangi. Wanga umekwisha.

Mkuu wa msafara alipiga makofi kwanza, kisha akalichungulia pipa na kuvuta harufu yake. "Daktari," akasema, "hii mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Inafanya kazi." Walipanda magari yao wakicheka. Sisi tulichinja mbuzi.

Haikupita wiki nikarudi Kirushya kurudisha madumu. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, kwa hiyo ndani ya moja niliweka sukari, ndani ya jingine chumvi. Shangazi Leokadia alikuwa uani anapepeta maharage.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Generosa hajambo?" Akalitikisa dumu, akasikia sukari, akatabasamu. Akanitengea chai, kwa sababu alijua dini yangu. "Haya, wageni wakanywa?"

"Hawakunywa, Shangazi. Walitazama."

"Waritazama tu?" Akacheka mpaka ungo ukamponyoka. "Watu wa ofisi! Na kimea changu kirifanya kazi?"

"Kimea gani?"

"Cha mtama. Nirikitia kwenye madumu yote. Generosa ariniomba maji ya ndizi matupu, nikasema mtoto huyu kasoma mpaka kasahau kwao. Umperekee mgeni ndizi bira kimea? Si yangerara tu kwenye hiro pipa renu? Wangesema Leokadia hana hata mtama ndani."

Nikaweka kikombe chini. Kimea ni mtama ulioloweshwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa. Punje inapoota inatengeneza kimeng'enya chake yenyewe, cha kula wanga wake yenyewe, na kazi yake ni ileile ya kile cha bakteria wetu. Ukikichemsha kinakufa kama kilivyokufa kwenye chombo cha kulinganishia. Kilichokula uji wa muhogo mbele ya wageni huenda kilikuwa hamira ya Daktari. Huenda kilikuwa mtama wa Shangazi.

"Kilifanya kazi, Shangazi," nikasema. "Vizuri sana."

Njia nzima nilikuwa nimeamua kunyamaza. Asubuhi nikamkuta Daktari anaandika lebo kwa penseli huku anaimba wimbo wa kwaya. Nikasema salamu za Shangazi, akazipokea. Nikasema ameulizia kama kimea kilifanya kazi. Aliandika lebo moja zaidi, kisha mkono ukasimama.

"Kimea kipi?"

"Alikitia kwenye madumu."

"Alikikaanga?"

"Alikianika juani tu."

Akakaa juu ya kreti la soda. Kama kingekaangwa sana, kimeng'enya chake kingekufa na tungekuwa salama. Nilimwona anatafuta mlango mwingine wa kutokea, hakuuona. "Basi tupande," akasema. "Tuone nani yumo humo ndani."

Tulichota pipani tukapanda visahani vya wanga, vingi kuliko tulivyowahi kupanda. Vilipoota tukamwaga iodini. Buluu. Kisahani baada ya kisahani, buluu kutoka ukingo hadi ukingo. Wadudu wa ganda na wa majani ya kukamulia, waliozaliwa kwenye ndizi na hawana mzigo wowote kichwani, walikuwa wameishinda hamira yetu kwa mbali. Tukapanda tena, na tena, mpaka wanga wa maabara ukaisha tukatumia unga wa jikoni. Mara moja tulipata duara jeupe. Sote tulisimama tukaligombania kwenye hadubini. Ilikuwa ukungu wa mtama. Daktari aliosha kile kisahani mwenyewe, kwa muda mrefu, ingawa kazi ya kuosha vyombo ilikuwa yangu.

Katikati ya hayo kibali kikaja. Kilikuwa kizuri, kina muhuri, na mkuu wa kituo alikuja nacho chumbani kwetu mwenyewe. Alipotoka nilifunga mlango nikamwambia Daktari nililokuwa nalo moyoni. Nikasema tunyamaze. Hatukudanganya mtu, tulionyesha tulichokiona. Turudi Nyabusozi, tuchimbe lundo upya, tumtafute bakteria upya, tuitengeneze hamira upya chini ya kibali hikihiki. Hata ikichukua miaka.

"Kaka Swedi, kibali hiki ni cha hamira inayokula wanga. Mimi nina pipa la pombe."

"Nani atajua?"

"Watatuambia tuwagawie vikundi msimu huu. Wale akina mama wa Nyabusozi watatia hicho tulichonacho kwenye unga wao, unga utaoza. Nitakwenda kuwaambia nini?"

Nikakasirika. Nikatoka nikaenda kukaa kwenye kivuli cha ghala. Nilimkasirikia kwa muda mrefu, na sijui kama nimemaliza. Nikiwa peke yangu huwa najisemea kwamba kama ningefika Kirushya siku ya mnada, Shangazi asingekuwepo, ningeacha madumu kwa jirani na leo mngekuwa mnafanya kazi kwenye idara kubwa. Kisha nakumbuka unga wa wale akina mama. Kisha nakumbuka duara jeupe. Nazunguka hivyo hivyo.

Alikwenda kuonana na jopo, akawaeleza yote, pamoja na maji ya ndizi ambayo hayakuchemshwa. Hakumtaja Shangazi, alisema kimea kiliingia kwa uzembe wake mwenyewe. Mkuu wa msafara alimshukuru kwa ukweli wake, akachukua kibali chake, na wala hakumpa muda wa kujaribu tena. Alisema ameaibika kwa wakubwa zake. Ikaamriwa kilichomo pipani kiuliwe kwa mvuke. Mimi ndiye niliyefungua bomba la mvuke, na harufu ya mkate ilijaa chumba kizima mpaka ikageuka harufu ya kitu kilichoungua.

Daktari akapata nafasi ya kufundisha shule ya sekondari, kusini kabisa mwa nchi. Kidato cha kwanza na cha pili, biolojia. Kabla ya kuondoka alitukusanya akatuomba kitu kimoja tu: Shangazi asijue. "Amenilea kwa mtungi ule," akasema. "Akijua, hatapika tena. Na hana kingine." Tukakubali.

Siku ya kufunga masanduku tulikuwa chumbani, vioo vyote vimefungwa kwenye magazeti, rafu zimebaki wazi. Mlango ukafunguliwa akaingia Shangazi Leokadia, amepata lifti ya lori mpaka Biharamulo, dumu kichwani, kitenge cha sikukuu kiunoni. Hakuna aliyemwambia aje. Alitaka kumwona mtoto wake na lile pipa.

"Safari hii nimeongeza kimea," akasema akilitua dumu. "Wageni wakirudi wasikute yamerara."

Daktari alichukua kikombe, akachota, akanywa chote amesimama. "Tamu sana, Shangazi."

Shangazi akaangaza huku na huku. Akaona masanduku, akaona rafu. "Na haya?"

"Naondoka, Shangazi. Nahamia mbali kidogo. Kusini."

"Kwa nini? Si Swedi arisema wageni waripenda?"

Niliangalia sakafu. Huyu ndiye mtu aliyekataa kunyamaza mbele ya jopo zima la wataalamu, nikajua atasema sasa hivi, na nikaogopa kwa ajili ya yule mama.

"Walipenda," Daktari Generosa akasema. "Walipenda mno. Wamenipandisha cheo."

Shangazi aliweka mkono mdomoni. Kisha akapiga vigelegele, virefu, na chumba kilikuwa kitupu kwa hiyo vikajaa kila kona. Alipomaliza akatugeukia sisi tuliosimama na magazeti mikononi.

"Mbona mko kimya? Mtoto wenu kapandishwa cheo!"

Daktari alikuwa ameinamisha kichwa kama bibi harusi. Tukaweka magazeti chini, tukapiga makofi. Shangazi akasema hayatoshi, turudie. Tukarudia.